Amani ya Ziwa Nyasa: Mawaziri wapo mezani, wavuvi na wafinyanzi hawapo

MGOGORO wa mpaka kati ya Tanzania na Malawi katika Ziwa Nyasa umezungumzwa kwa zaidi ya nusu karne. Umezungumzwa Dar es Salaam, Lilongwe, Mzuzu na Maputo. Mahali ambako haujazungumzwa kwa uzito unaostahili ni Matema, Ikombe, Mwaya na Katumba Songwe, yaani kule ambako watu wanalala nao na kuamka nao.

Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Katika Ziwa Nyasa tembo hawajapigana, wamenuniana tu, na bado nyasi zimeumia. Mvuvi ameogopa kuingia majini, mchuuzi ameozewa na ndizi mpakani, na mkulima wa kandokando ya Mto Songwe ameamka na kukuta mto umehamia upande wa pili wa shamba lake.

Hawa ndio watu ambao shughuli zao za kila siku zinaifanya amani iwepo au isiwepo. Hata hivyo, katika vikao vingi vilivyofanyika kuhusu ziwa hilo wamekuwa ni watu wa kutajwa, si watu wa kuulizwa.

Swali linalowahusu wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wa Kyela kwa hiyo si mpaka upite wapi tu. Ni nani atakayekuwepo wakati wa kupanga namna ya kuishi baada ya mgogoro, na je, mpango uliotengenezwa bila wao utadumu?

Mstari uliochorwa mbali

Chanzo cha ubishi ni mkataba wa Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ule ule uliohusu pia Zanzibar na kisiwa cha Helgoland. Mkataba huo uliupitisha mpaka ukingoni mwa ziwa kwa upande wa mashariki, kaskazini na magharibi, hadi kwenye mdomo wa Mto Songwe.

Malawi imesimamia hapo. Inaongeza kuwa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikubaliana mjini Cairo Julai 1964 kuheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Tanzania kwa upande wake inasema desturi ya sheria za kimataifa ni mpaka kupita katikati ya maji pale nchi mbili zinapopakana kwa ziwa.

Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliwasilisha msimamo huo rasmi kwa Malawi Januari 1967. Rais Kamuzu Banda aliukataa, na mwaka 1968 akaenda mbali zaidi kwa kudai hata maeneo ya nchi kavu ndani ya Tanzania. Baada ya hapo suala hilo lililala kwa miaka mingi bila kumalizwa.

Kuna kifungu kimoja cha mkataba wa 1890 ambacho hakitajwi sana. Kifungu cha sita kiliruhusu mistari hiyo kurekebishwa kwa makubaliano ya pande mbili kulingana na mahitaji ya mahali husika. Maana yake ni kwamba hata wakoloni, waliochora ramani bila kumuuliza mkazi yeyote wa mwambao, walitambua kuwa mstari unaochorwa mbali unaweza usilingane na maisha ya watu.

Kwamba maamuzi ya mbali huwafikia kwanza watu wa mpakani si jambo geni Nyasa. Agosti 13, 1914, siku chache baada ya vita kuanza Ulaya, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli mkoani Ruvuma. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki.

Mwezi uliofuata majeshi ya Wajerumani yalivuka Songwe na kupigana na Waingereza Karonga. Vita haikuwa ya watu wa Kyela wala wa Karonga, lakini ilipiganwa mashambani kwao.

Mwaka 2012 na hofu majini

Ubishi uliamka upya mwaka 2011 pale Serikali ya Malawi, chini ya Rais Bingu wa Mutharika, ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani kwa kampuni ya Surestream Petroleum ya Uingereza. Julai 2012 Tanzania, kupitia aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, ilitaka utafutaji huo usimame hadi mpaka ueleweke.

Wajumbe wa pande mbili walikutana Dar es Salaam Julai mwaka huo na tena Malawi mwezi Agosti, bila kuafikiana. Kauli za kujiandaa kwa vita zilisikika. Oktoba 2012 Rais Joyce Banda alisitisha mazungumzo, akilalamikia ramani mpya ya Tanzania na madai kwamba wavuvi wa Malawi walikuwa wakisumbuliwa ziwani.

Baadaye usuluhishi ulipelekwa kwa jopo la marais wastaafu wa nchi za SADC likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, akiwa pamoja na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana. Hadi sasa hakuna makubaliano yaliyotiwa saini kuhusu mpaka wa ziwani. Rais Peter Mutharika, aliyeongoza Malawi kati ya 2014 na 2020 na kurejea madarakani Oktoba 2025, alikuwa na msimamo usioyumba katika kipindi chake cha kwanza kwamba ziwa ni la Malawi.

Katika maelezo hayo yote wavuvi wametokea mara moja tu, tena kama sababu ya kuvunja mazungumzo. Hawakuwa sehemu ya kuyajenga.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kuangalia kazi yenyewe ilivyo. Usipa, samaki wadogo wanaolisha sehemu kubwa ya mwambao, huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi wa usipa hawezi kujificha, kwa kuwa kazi yake ni kuwasha mwanga gizani ili samaki wamfuate.

Usiku huo hakuna boya wala alama inayomwonyesha wapi Tanzania inaishia. Upepo ukibadilika, mtumbwi husogea, na samaki nao husogea bila kibali. Inapotokea nchi mbili zimenuniana, mvuvi huyo ndiye anayebeba gharama: ama abaki nyumbani, ama aingie majini akijua taa yake inaweza kumwita askari kama inavyomwita usipa.

Gharama hiyo haiishii kwake. Mwaloni wapo wanawake wanaonunua usipa mbichi, kuwaanika na kuwapeleka Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya. Mtumbwi usipoingia majini usiku, asubuhi mama hana cha kuanika, na mkopo wake wa kikundi unaendelea kudai.

Wakisi, jamii inayosahaulika

Miongoni mwa wakazi wa mwambao huu wapo Wakisi, jamii ndogo inayoishi kwenye ukanda mwembamba kati ya maji na Safu za Milima ya Livingstone, kuanzia Ikombe wilayani Kyela kwenda kusini hadi wilaya ya Ludewa. Wanawake wao wanajulikana kwa ufinyanzi. Vyungu vya Ikombe husafirishwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo karibu na Matema, na kutoka hapo hupelekwa masoko ya Mbeya na kwingineko.

Kwa jamii hiyo ziwa ni barabara. Milima inashuka hadi majini, na kwa miaka mingi vijiji vingi vya mwambao wa Ludewa vimetegemea mitumbwi, boti na meli kwa kila kitu: mgonjwa, mwanafunzi, gunia la mihogo na chungu cha kuuza. Ndiyo maana ujio wa meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma mwaka 2017, na ile ya abiria ya MV Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021, ulipokewa kwa furaha na vijiji visivyo na njia nyingine.

Sasa ichukuliwe hoja kwamba ziwa lote ni la nchi moja hadi ufukweni. Kwa wanasheria huo ni mjadala wa mikataba. Kwa mfinyanzi wa Ikombe ni swali la kama barabara yake ya kwenda sokoni ni ya kwao au ya kuomba.

Pamoja na hayo, Wakisi hawana chama kikubwa cha mazao cha kuwasemea. Mkulima wa kakao wa Kyela anayo Amcos yake, na zao lake linauzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Anapokuwa na malalamiko, ipo ofisi ya kuyapokea na takwimu za kuyaunga mkono. Chungu hakina mnada wa serikali, na usipa wa kuanikwa kwenye vichanja hana stakabadhi.

Kwa hiyo wanaotegemea ziwa zaidi ndio wenye sauti ndogo zaidi. Hicho ndicho kiini cha tatizo.

Somo kutoka Bakassi na Kasikili

Wapo wanaosema kwamba mambo ya mipaka ni ya wakuu wa nchi, na kwamba wanavijiji watapewa taarifa mambo yakishakamilika. Afrika inao mfano wa matokeo ya njia hiyo.

Oktoba 10, 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kuwa rasi ya Bakassi ni ya Cameroon, si ya Nigeria. Makubaliano ya Greentree ya Juni 12, 2006 yaliweka utaratibu wa kukabidhi eneo hilo, na makabidhiano yalikamilika Agosti 2008. Kisheria kazi ilikwisha.

Lakini wakazi wengi wa rasi hiyo walikuwa wavuvi waliojihesabu Wanigeria. Wengi waliondoka na kuishia kuwa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe, na waliobaki walijikuta wakilumbana na askari na watoza kodi wa utawala mpya. Mstari ulipatikana, ila utulivu wa watu wa pale ulichelewa sana.

Mfano wa pili unatoka kusini. Botswana na Namibia ziligombea kisiwa kidogo cha Kasikili, kinachoitwa pia Sedudu, katika Mto Chobe. Mwaka 1992, kabla hata ya kwenda mahakamani, marais wa nchi hizo walikubaliana mjini Kasane kwamba maingiliano ya kijamii ya watu wa pande mbili yaendelee na vyombo vya majini vipite bila kuzuiwa.

Desemba 13, 1999 mahakama iliipa Botswana kisiwa hicho. Hukumu hiyo hiyo ilisema raia na vyombo vya nchi zote mbili vitendewe kwa usawa katika mikondo ya mto inayokizunguka. Rais wa Botswana wakati wa hukumu hiyo alikuwa Festus Mogae, ambaye miaka kadhaa baadaye aliketi kwenye jopo la usuluhishi wa Ziwa Nyasa.

Tofauti ya mifano hii miwili ni rahisi kuiona. Kule Kasikili matumizi ya watu yalitajwa kabla ya mstari kuamuliwa. Kule Bakassi mstari ulitangulia na watu wakafuata nyuma wakiwa na mizigo kichwani.

Songwe: mto usiotulia

Kyela yenyewe inao mfano wake, na uko karibu kuliko watu wanavyofikiri. Mto Songwe, wenye urefu wa takriban kilomita 200, ndio mpaka wa Tanzania na Malawi upande wa nchi kavu. Unapofika kwenye tambarare kati ya Kyela na Karonga huanza kujipinda, na wakati wa mafuriko hubadili njia.

Mto ukihama, kipande cha ardhi kilichokuwa Tanzania kinaweza kuonekana kiko Malawi, au kinyume chake. Shamba la mpunga lililopandwa na familia moja kwa vizazi linakuwa ng'ambo. Mkulima hajavuka mpaka, ila mpaka umemvuka yeye.

Kilichosaidia amani isivunjike pale si askari. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wana lugha na asili zinazokaribiana kiasi cha kuelewana bila mkalimani. Wanaoana, wanazikana na wanajuana kwa majina ya koo. Ugomvi wa mipaka ya mashamba umekuwa ukipelekwa kwanza kwa wazee kabla ya kufika kwa mkuu wa wilaya.

Mwaka 2017 nchi mbili hizo zilitia saini mkataba wa kuanzisha Kamisheni ya Pamoja ya Bonde la Mto Songwe, yenye makao yake wilayani Kyela. Mpango wake ni pamoja na kudhibiti mafuriko, kujenga bwawa la kuzalisha umeme wa karibu megawati 180, na kumwagilia zaidi ya hekta 3,000 kila upande wa mto.

Ikumbukwe kuwa mkataba huo ulisainiwa huku ubishi wa ziwa ukiwa haujamalizwa. Serikali zile zile zilizoshindwa kukubaliana juu ya mstari ziliweza kukubaliana juu ya matumizi ya maji. Hilo ni jambo kubwa, na linaonyesha njia.

Hata hivyo, Songwe nayo ina mtihani wake. Bwawa linahitaji ardhi, na ardhi hiyo ina watu katika vijiji vya Ileje na Chitipa. Skimu za umwagiliaji zinahitaji orodha ya wanaomiliki mashamba, na katika familia nyingi za bonde hilo anayepanda, kupalilia na kuvuna mpunga ni mwanamke, wakati jina la mmiliki ni la mwanamume.

Kama orodha ya fidia na ya mgao wa maji itaandikwa kwa majina ya wamiliki peke yao, nusu ya nguvu kazi ya bonde itaachwa nje ya mradi uliokusudiwa kuleta amani. Mjane na kijana anayekodi shamba watakuwa wa kwanza kupoteza. Mradi wa namna hiyo unaweza kuzima mgogoro wa nchi mbili na kuwasha mingine mia ndani ya vijiji.

Sheria za Tanzania zinaonyesha kuwa jambo hili linawezekana kuandikwa kwa tarakimu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Hakuna sababu kwa nini kamati za bonde la Songwe zisiwe na sharti linalofanana na hilo kwa wanawake, wakulima wasio na hati na wavuvi wa mdomoni mwa mto.

Marufuku ya 2025

Aliyedhani kuwa mivutano ya nchi hizi ni historia alikumbushwa mwaka 2025. Machi mwaka huo Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya bidhaa kutoka nje, ukiwamo unga, mchele, tangawizi na ndizi, kwa lengo la kulinda wazalishaji wake. Bidhaa hizo ndizo hasa zinazotoka Kyela, Rungwe na maeneo mengine ya nyanda za juu kusini.

Aprili, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Tanzania, Hussein Bashe, alijibu kwa kutangaza kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, pamoja na Afrika Kusini iliyokuwa na mgogoro wake wa ndizi na Tanzania. Zuio hilo liliondolewa baada ya muda mfupi ili kupisha mazungumzo.

Kwa takwimu za taifa zuio la siku chache ni jambo dogo. Kwa mchuuzi mwenye mtaji wa mikungu 30 ya ndizi, siku chache ndizo mtaji wenyewe. Ndizi na nyanya hazisubiri kikao cha mawaziri.

Lipo tatizo jingine la kimfumo ambalo halijadiliwi sana. Katika mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama Namanga na Mutukula, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Nchi za COMESA nazo zina utaratibu wa namna hiyo.

Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na Malawi si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kasumulu kwa hiyo haimo kwenye mpango wa Jumuiya wala wa COMESA. Nchi zote mbili ni za SADC na zote zimeridhia Eneo Huru la Biashara la Afrika, lakini mama mwenye ndoo mbili za usipa hajui kifungu kipi kinamlinda. Asipojua, hupitia njia za panya kandokando ya Songwe, na hapo hugeuka mhalifu kwa kufanya biashara ile ile aliyoifanya bibi yake.

Vizuizi visivyosemwa

Kuwashirikisha watu wa pembezoni ni rahisi kukusema kuliko kukutenda, na ni vema ugumu wake usifichwe.

Kwanza, serikali zina hofu ya haki. Mvuvi akiulizwa, anaweza kusema jambo linalopingana na msimamo wa nchi yake mahakamani. Dawa ya hofu hiyo ni kutenganisha mambo mawili: mstari wa mpaka ubaki kwa wanasheria na marais, na utaratibu wa kuvua, kuvuka na kuuza upangwe pamoja na wahusika.

Pili, anayeitwa kuwakilisha wanyonge mara nyingi si mnyonge. Mwenye boti tano za injini huenda kikaoni kwa niaba ya wavuvi, wakati kibarua anayevuta nyavu zake kwa malipo ya samaki hana habari. Kinachomfaa mwenye boti si lazima kimfae kibarua.

Tatu, ushirikishwaji umegeuzwa kuwa karatasi ya mahudhurio. Wananchi huitwa ukumbini, husaini, hupewa soda na posho, kisha mradi huendelea kama ulivyoandikwa awali. Watu wa Kyela wameshauzoea mchezo huo, na wengi wanapoitwa tena huuliza kwanza kama kuna nauli.

Nne, sheria za nchi mbili hazifanani. Kwa kanuni za Tanzania kokoro ni marufuku mwaka mzima, wakati Malawi huweka msimu wa kulifungia mwishoni mwa mwaka. Mbasa hupanda mitoni kutaga mayai wakati wa mvua, iwe Songwe au Kiwira, bila kujali kanuni ni ya nani. Mvuvi mwaminifu wa upande mmoja akiona mwenzake wa ng'ambo anavua anachokatazwa yeye, hasira yake inamwelekea jirani badala ya kanuni.

Pa kuanzia papo

Habari njema ni kwamba vyombo vya kuanzia tayari vipo na havihitaji kusubiri mpaka uamuliwe. Tanzania ina vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinavyotambuliwa na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003. Malawi ina kamati za vijiji za mialo, zilizoanza katika Ziwa Malombe miaka ya 1990.

Vyombo hivyo vya Kyela na Karonga vikikutana kwa ratiba inayojulikana, mara moja Matema na mara nyingine Karonga, vinaweza kukubaliana mambo matatu: mvuvi aliyepotea njia atendewe vipi, nyavu zipi zisitumike na pande zote, na nani apigiwe simu kabla askari hajaitwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa uhuru wa nchi yoyote.

Upande wa soko, ujumbe wa marufuku au masharti mapya ungeweza kutolewa kwa siku za kutosha kabla ya kuanza, ukatangazwa redioni kwa lugha wanayoielewa watu wa pande zote. Lori lililokwisha kupakia lisikutwe na zuio njiani. Na panapoundwa kamati ya biashara ya mpakani, muuza ndizi na muuza usipa wawemo kwa idadi inayotajwa, si kwa hisani.

Tume ya Kudumu ya Pamoja ya Ushirikiano kati ya Tanzania na Malawi, iliyokutana Lilongwe Februari 2017, ni mahali panapofaa kupokea taarifa za ngazi hiyo. Ikiwa kila kikao kitaanza kwa taarifa ya mialo na masoko, mawaziri watajua kinachotokea majini kabla hakijawa kashfa ya magazetini.

Faida yake kiuchumi iko wazi. Mpunga wa Kyela, ndizi za Rungwe na usipa wa Nyasa vinahitaji mpaka unaotabirika kuliko vinavyohitaji ruzuku. Mkopeshaji hawezi kumkopesha mtu ambaye soko lake linaweza kufungwa kwa tamko la asubuhi, na mvuvi hawezi kununua injini mpya ikiwa hajui kama mwakani ataruhusiwa kuvua.

Marais wanaweza kuendelea kubishana kuhusu mwaka 1890 kwa miaka mingine hamsini, na pengine wanayo sababu ya kufanya hivyo. Mwambao hauwezi kusubiri kiasi hicho. Jioni hii pia, kutoka Itungi hadi Ikombe, mitumbwi itasukumwa majini na taa zitawashwa, na upande wa Karonga nako zitawashwa. Kwa mbali taa hizo huonekana kama mji mmoja. Wanaoziwasha wameilinda amani hiyo bila mkataba, na pindi mkataba utakapoandikwa wanastahili kuulizwa uandikwe vipi.